Makaburi ya Wenyewe

Baba aliniaga Sirari, mpakani na Kenya, kwa agizo moja. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na mtu wa mashairi kuliko ugali. Chuo cha ualimu walimkaririsha washairi wa Kizungu, na sasa mimi binti yake nilikuwa naenda kusoma kwa wenyewe, Uingereza. "Nenda ukanitazamie makaburi yao," aliniambia. "Unihakikishie kama kweli walikufa." Akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile ndicho kilichonitia hofu kwamba huenda nisimkute. Kaka yangu mkubwa aliniapia kwamba lolote likitokea, nitakuwa wa kwanza kujua.

Kanisa la kwanza nilishtukia mlangoni. Makaburi yalikuwa ndani, sakafuni, majina yamechongwa, na watu wanapita juu yake na viatu, mmoja na kikombe cha kahawa mkononi! Kwetu hata aliyelala mkekani harukwi, sembuse marehemu. Nilitembea nikichepuka huku na huku kama mbuzi anayekwepa matope, hadi mama mmoja wa kanisa akaniuliza kama mguu unaniuma.

Nilimtumia baba picha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kama kawaida yake: "Wanamkanyaga mshairi? Huyo hakuacha wajukuu?" Kisha maswali yakaanza. Kichwa kimeelekea wapi? Nani anapalilia? Na je, watoto wake walitupa udongo kwa kufuatana, mkubwa kwanza? Nyumbani kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kaburini kwa mzazi, hata kama mkubwa yuko mbali. Nilicheka peke yangu kwenye basi, wenzangu wakanitazama.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa makaburini. Kisha sauti ya baba ikakoma, yakawa yanakuja maandishi tu: "Picha nzuri. Mungu akubariki. Soma kwa bidii." Kaka alisema daktari amemkataza mzee kuongea ili kifua kipumzike. Nikaamini. Nikazidisha picha ili apate cha kutazama kitandani. Mshairi mmoja nilimpangusia majani juu ya jiwe, mwingine nikampelekea maua. Baba hakuuliza tena kichwa kimeelekea wapi. Hilo lilinikera kidogo, nikalisukuma pembeni kwa sababu mitihani ilikuwa imekaribia.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye ua wa kanisa la kijijini, nampigia baba picha ya jiwe lingine, simu ikalia. Alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka.

"Pole sana, mum," akasema. "Nilitaka kukupigia tangu matanga lakini simu ikaharibika. Usijali, tulimzika vizuri. Watu walijaa mpaka kwa barabara."

"Mlimzika nani, shangazi?"

Nikamsikia akimwambia mtu kwa Kikurya kwamba mtoto hakuambiwa.

Nilikaa palepale nilipokuwa. Mimi niliyekwepa sakafu nzima ya kanisa nisimguse mtu, nilimkalia mshairi wa watu na uzito wangu wote. Nakumbuka nililiomba radhi lile jiwe, kwa Kiswahili. Asubuhi ileile baba alikuwa ameniandikia: picha nzuri, Mungu akubariki.

Nilimpigia kaka, naye hakukataa, hata kwamba ni yeye aliyekuwa akiniandikia kwa simu ya baba. "Ukoo ulikaa ukaamua, dada. Ungeacha mitihani."

Ukoo! Nilikuwa nikiwapelekea maua wafu wa watu, na wa kwangu nimeibiwa mchana kweupe. Nilikata simu. Mitihani niliifanya kwa hasira tupu, na hadi leo sijui niliandika nini.

Nilitua Nairobi, nikapanda basi hadi Isebania, nikavuka mpaka kwa miguu na begi langu. Nyumbani mama alinikumbatia, nikajitoa. Kaka alinipa mkono, nikauacha hewani. Nilipita moja kwa moja hadi migombani nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshajengewa kwa saruji.

"Hata udongo mmeninyima!" nilipiga kelele.

Kaka alinionyesha upande wa kichwa, palipoachwa pembe moja bila saruji. Pembeni yake palikuwa na karai limefunikwa kifudifudi na kuwekewa jiwe. Akaliinua. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu wa siku ya mazishi.

"Wako," akasema. "Mama alikataa ufukiwe."

Ulikuwa umekauka, ikabidi niuvunje kwa vidole. Nikautupa. Nilikuwa bado nimewakasirikia wote, na nilitaka kusimama pale mpaka waone haya. Lakini nyuma yangu mtu alivuta kamasi. Nilipogeuka nilimkuta mdogo wetu wa mwisho, mwanawe mgongoni, macho yamevimba. Kiganja chake kilikuwa kimejaa udongo kutoka chini ya lile karai.

"Sogea, dada," akasema. "Na mimi nimzike baba."