Viungo vya Chuo Kikuu

Mimi ni msomi wa masomo ya jioni. Mchana nilishinda kwenye kibanda changu cha fotokopi pale Kikuyu, hapa Dodoma, jioni nakimbilia chuo kikuu, na nilisoma mpaka mbu wa darasa letu wangeweza kufanya mtihani wa uhasibu na kufaulu vizuri tu. Kwa hiyo baba mdogo, ndugu wa baba yangu, alipokubali kuwa mshenga na kunipelekea posa, aliitanguliza digrii yangu mbele kama bendera ya taifa.

Posa ilikwenda kwa mzee mmoja muuza viungo sokoni: iliki, mdalasini, bizari, binzari nyembamba. Ukoo wao unafanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara ya miguu, na mzee mwenyewe akipita barabarani, watu wanaanza kutamani pilau. Macho yake yalikuwa yamefifia. Binti yake, huyo huyo niliyemtaka, alikuwa amemtengenezea simu iwe inamsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Mzee akigusa, simu inatamka. Aliacha hata kusikiliza redio.

Baba mdogo alinisimulia yote baadaye. Alipomaliza kunisifu, na alinisifu mpaka mimi mwenyewe nisingejitambua, mzee alisema hana neno, ila kabla ya kumtoa mwanawe angependa kukisikiliza hicho chuo. Akaitajia simu jina la chuo, tovuti ikafunguka. Simu ikasoma ukaribisho wa makamu mkuu wa chuo, ikasoma habari za maktaba na mabweni, ikafika chini kabisa. Badala ya kunyamaza, ikaendelea kwa sauti ile ile ya heshima:

"Kasino bonasi, kiungo. Poka ya mtandaoni, kiungo. Beti bure leo, kiungo."

Simu za namna hiyo zikikuta mahali ambapo ukibonyeza unapelekwa ukurasa mwingine, husema "kiungo". Mzee hakuwa na habari hiyo. Kwake yeye kiungo ni kitu cha kutia chunguni, na kwa miaka yote aliyokaa sokoni hakuwahi kuletewa kiungo kinachoitwa kasino. Lakini kubeti alikujua. Vijana wa jirani na kibanda chake walikuwa hawafanyi kingine.

Baba mdogo aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akavaa miwani, akaivua. "Mzee wangu, hapa chini ni peupe tu. Hakuna neno."

"Peupe kwako," mzee akamjibu. "Mimi nimesikia."

Sasa hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwenye posa huwezi kumwambia mzee wa watu kwamba amesikia lisilokuwepo, na yeye hawezi kumwambia mshenga kwamba anaficha. Wakamaliza chai kwa adabu nzito. Wakati wa kuagana mzee akasema, bila kupandisha sauti, kwamba binti yake haolewi na mtu aliyesomeshwa kamari, na akitaka kufikiriwa tena, chuo chenyewe kije kieleze.

Baba mdogo alirudi amenuna. Aliniuliza mara mbili kama kweli nilisomea uhasibu.

Kesho yake nikafunga kibanda nikaenda chuoni. Katika kitengo cha kompyuta nilimkuta dada mmoja mpole. Nilipomwambia tovuti yao inachezesha kamari, alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetembea juani bila kofia. Akafungua ukurasa, akanionyesha: chini peupe. Nikamwomba asitazame, asikilize. Nikawasha usomaji kwenye simu yangu, nikaiweka mezani, nikamwacha makamu mkuu wa chuo atukaribishe. Ilipofika kwenye kasino, yule dada alisimama.

Akaburuza kipanya kwenye ule weupe, kama mtu anayefuta vumbi, na maneno yakajitokeza moja baada ya jingine. Maandishi meupe kwenye ukurasa mweupe. Akanieleza kwamba wajanja wa mbali huko huvunja tovuti za vyuo na kupachika viungo vyao kimya kimya. Hawataki mtu avione. Wanataka mitambo ya kutafuta habari mtandaoni ivione, kwa sababu mitambo hiyo inaheshimu vyuo vikuu: ikikuta chuo kimeitaja kasino, inadhani chuo kinaisifu, basi nayo inaipandisha juu. Binadamu haoni kitu. Mtambo unaona. Na simu ya mzee wangu, nayo ni mtambo.

Kung'oa viungo hakukutosha, maana leo unatoa, kesho vimeota tena. Ilibidi watafute walipoingilia, wapazibe. Nilikuwa napita pale kila jioni kuulizia, mpaka walinzi wakadhani nimeajiriwa. Kazi ilipokwisha nilimbembeleza yule dada ampigie mzee simu, na mimi nikiwa pembeni nasikiliza.

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka chuoni. Vile viungo vilivyofichwa tumeviondoa vyote."

"Marahaba mwanangu. Vilikuwa vya kusaga au vizima?"

Yule dada alinitazama. Nikatazama dari.

Kwa uvumilivu ambao, ningekuwa mkuu wa chuo, ningempandisha cheo palepale, alimweleza upya kutoka mwanzo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. Akasema sasa ameelewa: kuna mtu aliwahi kuuza bizari iliyochanganywa na unga wa mahindi kwenye mifuko yenye jina lake, na wateja waliokuja kumlalamikia yeye hawakwisha haraka.

Ijumaa baada ya swala tukaitwa, baba mdogo na mimi. Mzee aliisikiliza tovuti mbele yetu, neno kwa neno. Nilijua kwamba kikitajwa kiungo cha ajabu hata kimoja, mimi nimekwisha. Makamu mkuu wa chuo alikaribisha, maktaba ikapita, mabweni yakapita, simu ikanyamaza. Ikaendelea kunyamaza.

"Chuo kimetakata," mzee akasema. "Haya, kesi ya chuo imekwisha. Tumuulize mwenyewe."

Akamwita binti yake, aliyekuwa nyuma ya pazia, amuulize kama ameridhia. Desturi ni binti anyamaze, na kunyamaza kwake kuchukuliwe kuwa ndiyo. Baba mdogo alishaanza kutabasamu.

"Nimeridhia, baba," sauti ikatoka. "Ila yeye na mshenga wake wapunguze chumvi."

Mzee alicheka hadi akashika mbavu, na baba mdogo akapata kazi ya ghafla ya kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Harusi yetu ilijaza Dodoma yote, na samaki wa Mtera waliliwa mpaka bwawa likapungua kina. Mke wangu amepita nyuma yangu sasa hivi, akasoma hapa ninapoandika, akasema walikuja majirani tu, na walikula kuku.