Ngazi Zilizovunjwa Mama Akiwa Hospitali

Watu walimwita Kokoto tangu ujana wake, kwa sababu alikuwa mfupi, mgumu, na hakusagika kirahisi. Sasa alikuwa amevuka hamsini. Jina lilibaki, ugumu ukaanza kumtoka. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiubembeleza mgongo kama mtu anayemwamsha mtoto mkorofi kwenda shule, na mgongo ukishakubali, alivaa buti zake zilizoganda simenti akatoka. Kazi yake ilikuwa zege la majumbani: sakafu zilizotitia, baraza zilizopasuka, bafu zinazovujisha maji chini kwa chini mpaka mwenye nyumba anashtukia ukuta umeota ukungu. Si kazi ya kupigiwa makofi. Ukiifanya vizuri, watu wanaikanyaga tu na kwenda zao.

Alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mzima mwenye mikono ya chuma na mdomo usio na breki. Shemeji alichanganya zege akiongea, akalibeba akiongea, akalimwaga akiongea. Mdomo wake ulipumzika wakati wa kula tu, na hapo ndipo Kokoto alipopata kusikia ndege.

Kazi ya nyumba ya kona aliletewa na binti wa nyumba hiyo, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, begani kaning'iniza mfuko wa nguo za mgonjwa.

"Fundi, mama yangu amekatwa mguu," alisema hata kabla ya kukaa. "Wiki ijayo anarudi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Pale mbele kuna ngazi. Nataka uzivunje, uniwekee mteremko."

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama anataka kurudi nyumbani." Akatazama pembeni. "Nimechoka, fundi. Nifanyie tu."

Kokoto aliona kwamba hilo halikuwa jibu la swali lake. Lakini na yeye alikuwa amechoka, akaacha lipite.

Ngazi zile zilimtoa jasho. Aliyezijenga hakuiba simenti. Kila pigo la nyundo lilirudi mpaka kwenye meno. Shemeji alitupa sururu chini, akapuliza viganja.

"Huyu aliyejenga hapa alikuwa anangojea vita?"

"Piga, shemeji."

"Napiga. Nauliza tu."

Walipomaliza kuzoa vifusi, walipanga mbao pembeni, wakafunga nondo, na kesho yake wakaamka na zege. Kokoto aliutandaza mteremko taratibu, akiupa urefu wa kutosha ili usiwe mkali, akainua ukingo mdogo kila upande gurudumu lisije likatoka nje. Juu, mbele ya mlango, aliacha nafasi pana ya kiti kugeuka. Mwisho alipitisha fagio juu ya zege bichi, likaacha mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, anamalizia pembe ya mwisho, gari liliposimama getini.

Binti alishuka mbio. "Wamemtoa leo! Wanasema kitanda kinahitajika. Nimekupigia, simu haishikwi."

Simu ya Kokoto ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye toroli.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke mzee mwenye mabega mapana, kitambaa cheupe kichwani, blanketi mapajani. Upande mmoja blanketi lilikuwa limelala bapa, pasipo mguu. Aliitazama nyumba yake muda mrefu.

"Ngazi zangu ziko wapi?"

Binti alimtazama Kokoto. Shemeji aligeukia toroli.

"Nimeuliza, ngazi zangu ziko wapi?"

"Mama, tumekuwekea njia ya kiti," binti alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Utapita vizuri bila—"

"Nani alikwambia nitaishi kwenye kiti? Mimi nilitoka hapa nina ngazi. Nimelala huko, nyinyi mnanibomolea nyumba?"

Binti alieleza kwamba wangemzungusha nyuma, aingilie mlango wa jikoni, kwani zege la mbele lilikuwa bado bichi. Mlango huo ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti, angebebwa. Mama akasema habebwi. Akavuta mlango wa gari, akaubamiza, akakaa humo ndani kama mtu aliyekwisha kufika anakokwenda. Dereva alishuka, akaenda kuegemea ukuta.

"Ongea naye, fundi," binti alinong'ona. "Mimi maneno yameniisha."

Kokoto alitamani kusema kwamba yeye ni fundi zege, si msuluhishi. Badala yake alinawa mikono kwenye ndoo, akausogelea mlango wa gari, akaufungua kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyezivunja?"

"Ni mimi."

"Zilikuwa mbovu?"

Angeweza kudanganya. Mgongo ulikuwa unamuuma kiasi kwamba hakuwa na nguvu za kutunga uongo. "Hazikuwa mbovu. Zilikuwa imara kuliko nyingi nilizowahi kuvunja. Zimetutesa."

Uso wa mama ulilegea kidogo. "Mume wangu alizijenga. Mimi nilisomba maji, mimba ya huyu binti yangu iko hapa." Akagusa tumbo. "Jioni nakaa pale, nachambua mboga, nawaona wapitao. Anayenisalimu namjua, na asiyenisalimu namjua zaidi. Sasa nitakaa wapi?"

Kokoto alijibanza kwenye kivuli cha gari. Alidhani amevunja njia ya kupitia. Kumbe amevunja mahali pa mtu.

"Sijui, mama," alisema. "Pale juu kuna nafasi pana. Kiti kinakaa. Lakini siyo ngazi."

"Siyo ngazi," mama alikubali.

Jua lilizidi kupanda, gari likawa tanuri. Mwishowe mama alifungua mlango mwenyewe, akasema kwa hasira kwamba anataka kwenda chooni, na kama ni kubebwa, abebwe upesi bila kutazamwa. Shemeji alijitokeza akiongea, lakini mama akamkataa: huyo ataenda kusimulia mtaa mzima. Akamnyooshea kidole Kokoto.

Basi Kokoto alimpa mgongo akainama, mama akamkumbatia shingoni, na mgongo wake ukapiga kelele asiyoisikia mwingine. Walipita ubavuni mwa nyumba, chini ya kamba za nguo, wakikwaruzana na ukuta.

"Unanuka simenti," mama alimwambia sikioni.

"Na wewe unanuka hospitali, mama."

Kifua cha mama kilitikisika mgongoni mwake. Kokoto alidhani analia, akaongeza mwendo. Mlangoni ndipo alipotambua kwamba alikuwa anacheka.

Siku zilizofuata Kokoto alirudi asubuhi na jioni kumwagilia zege lisije likapasuka. Mama alikuwa dirishani, hajibu salamu. Baadaye akaanza kutoa amri: "Pale kwenye pembe hujamwaga." Kokoto alimwaga. "Ongeza." Akaongeza.

Zege lilipokomaa, wakabomoa mbao, na mama akatolewa nje. Binti alishika mipini ya kiti ili amsukume.

"Sogea," mama alisema.

Aliteremka peke yake, viganja vikikwaruzana na magurudumu. Katikati kiti kiliyumba, gurudumu likagonga ukingo. Shemeji aliruka, Kokoto akamdaka shati. Mama alitulia pale, akihema, akakinyoosha kiti, akaendelea mpaka getini. Jirani mmoja alikuwa anapita. Walisalimiana kwa kirefu, kama watu wawili waliokutana sokoni.

Kupanda ndiko kulikomshinda. Alisukuma hatua chache, kiti kikamrudisha nyuma. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliinamisha kichwa, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika, na safari hii hakuwa anacheka. Kokoto alijifanya anakusanya vyombo vyake.

"Haya, nisukume," mama alisema hatimaye. Binti alikuja, akamsukuma, wote wawili wakitazama mbele.

Jioni hiyo Kokoto alijilaza kifudifudi sakafuni, mahali palipo na ubaridi. Mkewe alipiga magoti pembeni, akamkanda kiuno kwa vidole vilivyochovywa mafuta.

"Mama wa watu kafurahi?" aliuliza.

"Ameshuka mwenyewe. Kupanda ameshindwa."

"Atazoea."

"Labda."

"Na wewe amekushukuru?"

"Ameniambia nikipita niwe nasimama, nisipite kama sijamwona."

Mkewe aliguna, akabonyeza palepale penye maumivu. Kokoto alifumba macho. Kesho kulikuwa na bafu la watu linalovujisha maji, upande wa pili wa mtaa, na sakafu yake yote ilikuwa ya kuvunjwa.