Shairi ya Mama Yetu

Maneno ya mwisho aliyoniambia baba niliyasikia vibaya, na nikaishi nayo hivyo miaka kumi na moja.

Ilikuwa asubuhi, katika hospitali moja ya Ibra, Omani. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu apatwe na kiharusi, na kila neno lilitoka kwa taabu. Nilimwinamia. Akasema, "Shairi ya mama yako, usiitoe." Nikamjibu, "Sitoitoa, baba." Akafumba macho. Siku mbili baadaye tulimzika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa ameshatutangulia mwaka mmoja kabla yake, siku alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na miwili, kisha huyo mtoto mchanga ambaye hakupata kumjua mama hata kwa harufu. Niliacha skuli mwaka huo huo. Nikashona makanzu ya wanawake, nikayauza katika soko la wanawake la Jumatano, na watoto wakala na wakasoma. Sina mengi ya kusimulia juu ya miaka hiyo. Ilikuwa ni kazi tu.

Lakini maneno ya baba nilitembea nayo. Mama alikuwa mtu wa Unguja, na kwao watu wanatunga, kwa hiyo sikushangaa kusikia kwamba aliacha shairi. Nikafahamu hivi: lipo shairi alilomtungia baba, ni siri yao wawili, na baba hataki litolewe kwa watu. Nikafungua sanduku la mama nikalitafuta. Nilikuta kanga, chupa ya udi, vyeti vya kliniki, viatu vya mtoto. Nikapekua kila karatasi ya nyumba ile. Sikuona ubeti hata mmoja.

Jambo moja lilinitatiza. Baba hakuwa mtu wa kusema "shairi ya". Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja, cha wazee waliomlea, na sisi tulipokosea mezani alitukata hapo hapo. "Kitabu yangu? Kitabu changu! Mnazungumza kama watu wanaotafuna kokwa." Na katika neno lile alilolisema hospitalini palikuwa na kukwama kooni, baina ya sha na iri. Nikasema ni maradhi. Ulimi uliopooza hauchagui ngeli.

Yule mdogo wetu wa mwisho alipokua akaanza kuuliza. "Dada, mama alituachia nini?" Kila akiuliza nilimjibu kwamba mama hakuacha kitu. Nilimwambia uongo huo nikimtazama usoni, kwa sababu niliahidi sitotoa.

Katika kabati la kioo, kando ya hanjari, lile jambia lake la kiunoni, baba aliacha bastola ya babu yetu, aliyokuja nayo kutoka bara. Ni ya zamani, yenye silinda inayozunguka ya matundu sita, ya kuvaliwa kiunoni siku ya Idi na siku za harusi. Risasi zake sijapata kuziona. Juu ya ncha ya mtutu, pale mtu anapolengea, palichomekwa kipande cha sarafu kimesimama wima. Kilikuwa cha ile shilingi ya zamani ya simba. Upande mmoja ulionekana mgongo wa mnyama, na ukingoni bado yalikuwepo meno ya sarafu. Nikiwa mtoto nilipenda kuyapitishia ukucha. Nilipokuwa mkubwa nilikiona ni kiraka, cha mtu aliyekosa kitu bora.

Mwaka huu mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi Sur, alichumbia. Karatasi ya polisi ya bastola iko kwa jina lake sasa, na alitaka aingie harusini kama baba alivyokuwa akiingia, hanjari mbele na bastola ubavuni. Siku yake ya mapumziko tukaenda Nizwa, kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza hanjari na bunduki za kale.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

"Marahaba. Nyinyi wa wapi?"

"Ibra."

"Na kabla ya Ibra? Kiswahili hicho hakioti Ibra."

Yeye mwenyewe alizaliwa Unguja. Aliifungua bastola, akaangalia tundu kwa tundu kwamba ni tupu, kisha akauliza tunataka nini. Mdogo wangu alitaka ing'ae tu. Mimi ndiye niliyesema zaidi. Nilimwambia, "Babu, kila kisichokuwa chake, kitoe." Nakumbuka niliyasema hayo kwa fahari, kama mwenye nyumba anayejua vitu vyake.

Baada ya wiki mbili tukarudi. Aliilaza juu ya kitambaa cheusi. Mdogo wangu akacheka kwa furaha. Fundi akaelekeza kidole kwenye ncha ya mtutu.

"Na sha'ira nimekutolea. Ilikuwa ya sarafu, kitu cha aibu. Nimekutilia ya chuma."

"Umetoa shairi?"

"Sha'ira."

"Shairi gani, babu?"

"Dada anataka bastola iimbe," mdogo wangu akasema.

Fundi akatabasamu. "Mwanangu, bastola haina ushairi. Hiki kidude cha mbele, cha kulengea, Waarabu wanakiita sha'ira. Punje ya shayiri. Kwa Kiswahili sijui mnasemaje, sisi na wazee wetu tulikuwa tukisema sha'ira tu."

Alilitamka kwa ile ain ya Kiarabu, itokayo kooni. Nikaisikia sauti ya baba, pale pale ilipokwama.

Nikaketi juu ya kigoda bila ya kuambiwa. Nimekulia Ibra na Kiarabu ninakijua, lakini Kiarabu cha bunduki ni cha wanaume, na hakuna aliyewahi kunifundisha jina la kipande kile. Nikayasema mbele yao maneno ambayo sikuwa nimeyatoa kinywani kwa miaka kumi na moja. "Baba alipokuwa anakufa aliniambia, sha'ira ya mama yako, usiitoe."

Fundi akaacha kutabasamu. "Alisema usiitoe, au usilitoe?"

"Usiitoe."

"Basi alikuwa akisema hii."

Baba hakukosea ngeli. Alizungumza Kiswahili chake sawasawa mpaka mwisho, mimi ndiye niliyemsahihisha moyoni.

Nikampigia simu shangazi, dada yake baba, aliyeko Al Qabil. Nikamwuliza sarafu ile ilikuwa ya nani.

"Ya mamaako. Hujui?" akasema. "Mwaka waliooana bastola ilimponyoka babaako ikaanguka juu ya mawe, ile punje ikakatika. Akawa haivai, anaona haya. Mamaako alikuwa na shilingi ya simba, bibi yako alimfungia kwenye pindo la kanga siku anaondoka Unguja, asije akaingia ugenini mkono mtupu. Akaikata yeye mwenyewe kwa msumeno wa chuma. Babaako mikono yake ilikuwa haina utulivu, mamaako alikuwa akidarizi kofia, ana mkono. Alikaa na tupa siku nzima. Kwani vipi?"

"Imetolewa."

"Na nani?"

"Mimi."

Akasema, "Wewe hukuambiwa, mwanangu."

"Niliambiwa, shangazi."

Nilipokata simu nikamwuliza fundi kipande kiko wapi. Alikuwa na kopo la maziwa la vyuma chakavu, ambalo hulipeleka kuyeyushwa likijaa. Akalimwaga juu ya mkeka. Tukapiga magoti sote watatu tukapekua misumari, vishikizo vya ala, pete zilizovunjika, nyuzi za fedha. Adhana ya adhuhuri ikalia na hatujaona kitu. Mdogo wangu akasema, "Dada, labda imeshaenda." Niliendelea kupekua. Kama kimeshaenda, basi kitu pekee mama alichotufanyia kwa mkono wake kikabaki ndani ya nyumba, ni mimi niliyekipoteza, na kwa amri ya kinywa changu.

Fundi ndiye aliyekiona, kimenasa katika bomba dogo la shaba. Kilikuwa kimepungua. Alipokuwa akikitoa alikikata kwa chini, na shina lake halikuwepo tena.

"Mimi naona tuache hii mpya," mdogo wangu akasema. "Imekaa vizuri. Ile kipande tutaiweka kwenye sanduku, hatutaipoteza."

"Kipande tutakiweka," nikamwambia, na nikajisikia kama baba. "Na hatukiweki sandukuni. Kinarudi pale pale."

"Kitakaa chini kuliko mwanzo," fundi akasema. "Na mfereji wa kukichomekea nimeshaupanua, itabidi nikitie kabari. Ukilenga, risasi itapita juu."

"Hatulengi kitu, babu."

Aliswali kwanza. Kisha akaibana bastola katika jiliwa, akakiondoa kile cha chuma kizuri alichokuwa amekichonga mwenyewe, akachonga kabari nyembamba ya shaba, akalehemu. Alitaka kukipiga msasa kipande kile kifanane na mtutu. Nikamzuia. Kilikaa kimeinama kidogo upande wa kushoto, na fundi akasema hawezi kukinyoosha zaidi bila ya kukivunja. Nikamwambia akiache hivyo.

Njiani, baada ya kupita Nizwa kitambo, mdogo wangu akauliza bila ya kunitazama, "Kwa hiyo mtoto alipokuwa akikuuliza, ulikuwa unaficha shairi?"

"Nilidhani ninaficha."

"Na shairi lenyewe halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Utamwambia mwenyewe," akasema. "Mimi simo."

Tulifika Ibra baada ya alasiri. Yule mdogo wetu wa mwisho alikuwa sebuleni na daftari zake za skuli. Nikaketi karibu naye nikamweleza, nikianza na uongo wangu kabla ya jambo lolote jingine. Nilimwambia kwamba kila aliponiuliza nilimjibu mama hakuacha kitu, nami niliamini kipo na nikamnyima. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia, na hakusema amenisamehe.

"Kumbe mama hakuandika chochote," akasema.

"Hakuandika. Alikata hiki, kwa msumeno, akakipiga tupa siku nzima."

Akaipokea bastola kwa mikono miwili, nzito kwake, akaisogeza dirishani. Akakitazama kile kipande upande huu na upande ule.

"Simba yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa umebaki mstari wa mgongo peke yake, kichwa hakimo na miguu haimo.

"Kimeinama upande," akasema.

"Ndiyo. Hapo ni mimi, si mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukishika.