Kitufe cha Nane na Sauti ya Nsabimana

Mtu aliyefanyiwa matanga mwaka 2011 aliita watu kupitia spika zangu, saa tisa alasiri, ukumbini Kibondo, mbele ya ndugu zake wote.

Aliyebonyeza kitufe ni mimi.

Naitwa Ridhiwani, mtoto wa muuza vitenge wa Kasulu mjini. Kwenye sherehe walinijua kama DJ Ridhi. Ilikuwa 2014, mwezi wa nane, msimu wa harusi, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilikuwa napiga muziki kwa laptop na mausi tu. Watu wanacheza, lakini moyoni najiona tapeli. DJ gani anabofya kama karani?

Basi Jumatatu moja nikaenda Manyovu, mpakani, nikarudi na kontrola. Ile mashine ya DJ yenye sahani mbili za kuzungusha na vitufe vinane vya mpira kwa chini. Imetumika, haina boksi, haina sidii ya kuiwekea programu.

Jamaa aliyeniuzia akaniambia, "Wewe chomeka tu, inaimba."

Nikachomeka. Haikuimba.

Laptop ikalia "tung" mara moja, ikanyamaza kama haijaona kitu.

Noma ni kwamba nilikuwa nimeshapiga simu Kibondo, kwa kamati ya harusi ya Dorcas, nikawatangazia kwamba Jumamosi nakuja na mashine mpya. Mdomo wangu huu!

Jumanne nikashinda intaneti kafe napakua draiva, ile programu ya kuitambulisha mashine kwa laptop. Ikafika asilimia themanini na mbili, umeme ukakatika. Jumatano nikaanza upya, nikafanikiwa, taa za kontrola zikawaka. Nikazungusha sahani. Kimya. Nikatoka nje, nikarudi, nikazungusha tena. Kimya.

Nikikaa nasimama, nikisimama natembea.

Mama akanitazama. "We Ridhiwani, una funza?"

Alhamisi nikaenda kwa dada Immakulata.

Huyu alikuwa anarekodi kwaya pale Kasulu, kwenye chumba alichobandika magodoro ukutani. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hukuhuku. Mpole, lakini ukimharakisha anazidi kwenda taratibu.

"Dada Imma, inawaka lakini haifanyi kazi."

"Kuwaka maana yake umeme umefika. Programu bado haijui kitufe gani kinafanya nini. Kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama, mdogo wangu."

Kweli nilikuwa nimesimama.

Akanionyesha programu yake ya kutengenezea muziki. Akaniwekea na mimi kwenye laptop yangu. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua jina la kontrola. Kisha akaanza kuifundisha: anabofya sauti kwenye kioo, anatelezesha kitelezeshi kwenye mashine, vinashikana. Anabofya kingine, anazungusha. Kimoja kimoja. Sauti ilikuwa inachelewa, unagonga sasa inalia baadaye kidogo. Akapunguza namba fulani, ikawa papo kwa papo. Akatenganisha sauti ya hedifoni na ya spika.

Vile vitufe vinane akavijaribu kwa vipande vya sauti vilivyokuwa karibu, vya kwaya aliyorekodi. Kimoja ngoma, kimoja makofi, kingine mtu anaita.

"Hivi vinane ni vya majaribio," akasema. "Ukifika nyumbani vifute, uweke vya kwako. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Masikio yalisikia. Akili ilikuwa imeshafika Kibondo.

Sikufuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ndugu wa Dorcas walitoka Busunzu, wakulima, wamependeza kweli. Mama yake kavaa kitenge cha kijani, kakaa mbele. Mimi juu ya jukwaa, kontrola inawaka taa, vijana wanaipiga picha. Nilijiona nimefika.

MC akatangaza keki. Nikataka kuweka mbwembwe. Nikagonga kitufe cha kwanza: ngoma. Cha pili: makofi. Ukumbi ukashangilia. Mzuka ukanipanda, nikaruka mpaka cha nane.

Spika zikaita kwa sauti ya mwanaume, nyembamba, iliyokatika mwishoni kama kamba:

"Nimuze! Nimuzeee!"

Njooni, kwa Kiha. Kwa harusi inafaa kabisa. Nikagonga tena.

"Nimuzeee!"

Sahani ikaanguka jikoni. Mezani kwa ndugu wa Busunzu hakuna aliyecheka. Dorcas alikuwa ameshika kisu cha keki, akakiweka chini.

Mama yake akasimama.

"Mwana wanje," akasema. "Mwanangu huyo."

Sikuelewa kitu. Mjomba wa bibi harusi, mzee Niyitegeka, alishafika jukwaani kanikamata kola.

"Nani kakutuma? Nsabimana tulimfanyia matanga! Kafa machimboni! Unatuletea uchawi kwenye harusi?"

"Mzee, mimi sijui..."

"Mchawi huyo!" mtu akapiga kelele nyuma. Mwingine akachomoa waya wa spika. Nikaona leo nachomwa pamoja na mashine yangu.

Aliyeniokoa ni yule mama. Alipanda jukwaani polepole, akamtoa kaka yake mkono kwenye kola yangu.

"Rudisheni waya," akasema. Kisha akanitazama. "Bonyeza tena, mwanangu."

Nikabonyeza. Mama akafumba macho, akasikiliza.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaita ng'ombe. Umeitoa wapi?"

Nikatoka nje na simu, ndugu sita wananifuata kama polisi. Nikampigia Immakulata, nikaweka sauti kubwa.

"Dada, kile kitufe cha nane, yule anayeita ni nani?"

"Kwani hukufuta?"

"Dada Imma, nani?"

"Mwalimu Yohana, wa kwaya ya kule Kagerankanda. Kwa nini?"

"Ulimrekodi lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Ridhiwani, kuna nini?"

Wiki tatu.

Vigelegele vilivyopigwa pale nje sijawahi kuvisikia tena. Mzee Niyitegeka aliyetaka kunipiga akanikumbatia mpaka kofia ikanidondoka. Dorcas akavua viatu, akakimbia na shela lake kumkumbatia mama yake.

Kule ukumbini mtu mmoja tu hakushangilia. Mzee mwembamba alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini. Nikaambiwa anaitwa Stanislaus, jirani yao Busunzu. Mwanaye Marselino ndiye aliyeondoka na Nsabimana kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Shimo liliporomoka, majina ya wote wawili yakaletwa nyumbani pamoja. Matanga yakafanyika siku moja.

Akaniita kwa kidole.

"Kijana, muulize huyo dada. Na Marselino je?"

Nikapiga tena. Immakulata hakumjua Marselino yeyote.

"Basi kesho nitakwenda na ninyi," mzee akasema.

Asubuhi ya Jumapili tukaingia kwenye Noah ya harusi, bado ina maua: mama, mjomba, mzee Stanislaus na mimi. Tukampitia Immakulata Kasulu atuonyeshe njia. Njia nzima nilikuwa najiuliza, je kama dada Imma kakosea? Sauti hufanana. Nitamwambia nini mama huyu?

Ibada ilikuwa imeisha tulipofika. Tukaelekezwa shambani kwa Mwalimu Yohana, nyuma ya nyumba, anachimba mihogo.

Alikuwa yeye.

Alipomwona mama yake aliangusha jembe. Mama akamwendea, akamshika uso kwa mikono miwili, akawa anaupapasa kama anatafuta kidonda. Na mimi nilishaanza kulia.

Kisha Nsabimana akatazama nyuma ya mama yake, akamwona mzee Stanislaus anashuka kwenye gari.

Akageuka akakimbia.

Mwanaume mzima, anapita kwenye mihogo kama mwizi. Mjomba akaanza kumfukuza. Mzee Stanislaus, ambaye miguu yake haimruhusu, akasimama pale pale akapaza sauti.

"Nsabimana! Sikuja kukufunga!"

Akasimama. Kisha akarudi taratibu, akitukwepa kwa macho.

Tulikaa chini, kwenye matuta. Akaongea akitazama mikono yake.

"Siku ile zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa. Marselino akasema, lala, nakushikia. Akashuka yeye." "Shimo lilipoanguka wakasoma majina ya zamu. Langu likawemo. La kwake liliongezwa na waliomwona anashuka. Nikaacha hivyo hivyo, nikaja huku nikajiita Yohana. Mimi ndiye niliyemchukua nyumbani, baba. Ningekuja kwako niseme nini?"

Mjomba akainama. Mama akajifunika kitenge. Mimi nikajiandaa kwa lolote, kwa sababu mzee alikuwa ameokota fimbo yake.

Hakumpiga. Alijiegemeza tu, akasogea karibu.

"Huko machimboni," akauliza, "alikuwa anakula vizuri?"

Nsabimana akainua kichwa, kama hakusikia sawasawa.

"Alikuwa anakula, baba. Alijifunza kupika. Alikuwa anatucheka, anasema ugali wetu unaweza kujengea nyumba."

Mzee Stanislaus akacheka. Cheko fupi, la puani. Halafu machozi yakamwagika, hakuyafuta.

"Endelea," akasema. "Mengine?"

Wakaongea mpaka jua likawa utosini. Alikuwa anaimba nini. Alikuwa na rafiki nani. Kama alikuwa anawataja wa nyumbani. Kila jibu mzee anasema, "Mengine?"

Mwishowe akasimama, akampa Nsabimana mkono kumwinua.

"Miaka mitatu nilikuwa sina mtu wa kumuuliza," akamwambia. "Wewe peke yako ndiye uliyejua, na wewe ukajifanya umekufa."

Walirudi pamoja kwenye gari, siti moja.

Ma-DJ wenzangu, kabla ya shughuli jaribuni kila kitufe, mimi niliponea kwenye tundu la sindano. Lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni hili. Kama kuna mtu unamkwepa kwa sababu ya aibu, unapita njia nyingine, umebadilisha hadi namba ya simu, mimi sikwambii ni rahisi. Nakwambia tu nilichokiona Kagerankanda. Nsabimana alijificha miaka mitatu akidhani mzee yule anataka kumhukumu, kumbe mzee alitaka kujua mwanaye alikuwa anakula.

Nenda ukaulizwe.