Chumba cha Watu Watatu

Sijanywa, na sina sababu ya kukudanganya. Haya yalinipata mchana kweupe, hapa Uganda, mjini Mbarara, kule juu mtaa wa Kamukuzi, na mke wangu Sifa ni shahidi, ingawa yeye hapendi niyaseme.

Mimi na Sifa tuna miaka miwili ya ndoa, na karibu yote tumelala kambi ya wakimbizi ya Nakivale, chumba kimoja na mama yake, pazia katikati. Nilimheshimu mama mkwe. Lakini mwanaume gani anazoea kusikia mama mkwe akikohoa kila yeye anapogeuka kitandani? Alipofariki, wanakwaya wenzetu walituchangia siku mbili za kupumzika visiwa vya Ssese, kwenye Ziwa Victoria. Nakuambia ukweli hata kama unaniaibisha: nilimlilia mama, na papo hapo nilifurahi kwamba hatimaye nitakuwa peke yangu na mke wangu.

Tukaenda pale Kamukuzi kwa dada mmoja anayewapangia watu safari. Akatuonyesha picha za mahali pa kulala. Jicho langu likaganda kwenye kijumba cha ufukweni: kitanda kimoja kikubwa, maji mlangoni.

"Nyinyi iko watu ngapi?" akauliza.

"Tuko batatu," nikajibu.

Usinicheke. Sisi wakimbizi swali hilo tunaulizwa kila foleni, na jibu linatoka kabla ya akili. Kadi ya familia ilisema watatu; jina la mama hatukuwa tumelitoa. Nikafungua mdomo nijirekebishe, lakini dada alishavuta kiti cha tatu, akakipangusa, akasema, "Karibu, mama."

Kiti kilikuwa kitupu. Nilidhani anatudhihaki. Akawa anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mtu, kisha akatugeukia. "Mama nasema hapana hii ya maji. Maji ilichukua bwana yake."

Baba yake Sifa alizama Ziwa Tanganyika. Nani alimwambia? Sifa hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema polepole, "Tukamate ile ya kule juu, ya bitanda bibili."

Kisiwani sikuona kitu, niamini. Lakini Sifa alilala ukingoni mwa kitanda chake, akiacha nafasi, akinong'ona mpaka alfajiri, nami nikazunguka uani kama mbwa aliyefungiwa mlango. Tuliporudi nilipita kwa yule dada nikamuuliza alimwona nani. Akanishangaa.

"Si ile mama ya kitenge ya kijani?"

Ndicho tulichomzika nacho.

Tangu hapo sina utulivu. Sifa anapakua sahani tatu. Wiki iliyopita nilimwambia naenda ofisi ya kambi kulitoa jina la mama kwenye kadi. Hakugomba. Aliendelea kuchambua maharage, akasema, "Enda umutoe. Lakini ukimutoa, na miye unitoe."

Sijaenda. Wewe uliyefiwa, ukiulizwa mko wangapi, nyamaza kwanza, uhesabu, ndipo ujibu. Mimi nilijibu haraka, na siku hizi nyumbani kwangu wa tatu ni mimi.