Vidonge Sita na Choo cha Wakwe

Kabla hamjaanza kucheka, acheni niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi. Yule mwalimu mliyesikia habari zake pale sokoni Nyamisangura, Tarime, aliyekimbia kwa wakwe zake Nyambureti huku kitenge kakishika kwa mikono miwili, ni mimi Mwalimu Robi, mama yake Bhoke, mtu mzima wa miaka hamsini na minne. Chekeni mmalize. Nina hasira mpaka leo, na hasira yenyewe siyo ya kuchekwa, ni kwamba mnacheka nusu ya habari, na ile nusu nyingine ambayo haichekeshi hakuna anayeiuliza.

Mambo yalianza na kusahau. Nilianza kusahau vitu vya ajabu, naingia darasa la sita na madaftari ya darasa la nne, namwita mtoto jina la kaka yake aliyemaliza shule zamani, natafuta miwani huku nimeivaa (hiyo ya miwani najua imewatokea wengi, lakini mimi ilinitokea mbele ya mkaguzi). Basi Ester, mwalimu mwenzangu ambaye meza yake inatazamana na yangu ofisini, akafungua mkoba akatoa chupa. Vidonge vya mafuta, vikubwa, rangi ya asali, vinaitwa lesithini, vinatengenezwa kwa soya. Akasema hicho ni chakula cha ubongo. Akasema pia vinayeyusha mafuta kwenye damu, vinalainisha magoti, vinasafisha ini, vinaleta usingizi, na kila sehemu ya mwili niliyotaja kwamba inaniuma, hiyo nayo ilikuwemo. Mtu mwenye akili zake angejiuliza ni kitu gani hicho kinachotibu kuanzia unyayo hadi utosi. Mimi ndiyo kwanza nikauliza kama kinafaa na presha. Kinafaa.

Nikawa nakunywa viwili kwa siku, na sitawadanganya, sikuona ubaya wala uzuri. Ila Ester alijua kunivika kilemba cha ukoka, kila asubuhi ofisini ni Mwalimu Robi siku hizi unang'aa, Mwalimu Robi umekuwa msichana, nami nikaamini nang'aa. Nikaanza hata kuwashauri walimu wenzangu na wazazi wanaokuja kuuliza maendeleo ya watoto wao, mtu akikohoa tu namtajia kidonge, mimi ambaye somo langu ni Maarifa ya Jamii.

Sasa Bhoke, binti yangu wa kwanza, ameolewa Nyambureti na kijana anaitwa Marwa, akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza kabisa. Mtoto akiwa na wiki tatu, siku ya Jumatatu, Bhoke akanipigia simu nikiwa ofisini. Ziwa la kushoto limekuwa gumu, lina wekundu, mtoto akinyonya yeye analia. Akasema anataka kwenda zahanati. Ester alikuwa anasikiliza (huwa anasikiliza), akaninong'oneza kwamba hayo ni maziwa yameziba na lesithini ndiyo inayoyazibua. Basi nikamwambia mwanangu, kwa sauti ile ile ninayotumia darasani, "Usiende kujazwa madawa na mtoto bado ananyonya. Vumilia, Jumamosi nakuja, nitakuletea kitu cha asili."

Jumatano akapiga tena, ana homa, anatetemeka. Nikamwambia ni maziwa yanajipanga. Maziwa yanajipanga. Nani alinifundisha maneno hayo? Hakuna, niliyatunga pale pale nikiwa nasahihisha madaftari, na nikayasema kama mtu aliyeyasomea miaka mitano.

Jumamosi ikafika. Nimebeba unga wa ulezi wa uji wa mzazi, kuku wawili, sabuni, nguo za mtoto, na chupa mpya ya Bhoke. Ester naye akasema haniachi peke yangu (baadaye ndiyo nikaelewa alifuata wateja). Hofu yangu siku hiyo ilikuwa moja tu, majina. Kule kwa wakwe kuna wazee, na kila mzee una namna ya kumsalimia na jina la kumwita, ukimruka mmoja ni maneno ya mwaka mzima, na mimi na kichwa changu hiki. Nikamwambia Ester. Akajibu hilo dogo, siku nzito kama hii usinywe viwili, kunywa sita, ubongo ufunguke. Nikanywa sita. Halafu njiani akatoa chupa ya chai, chai yenyewe siyo ya kawaida, ni ya kusafisha mwili, inatoka kampuni ile ile, nikanywa kikombe na nusu kwa sababu ilikuwa tamu.

Kwa asiyejua mila zetu, nieleze. Mama mkwe haingii nyumba anayolala mkwe wake wa kiume, hashikani naye mkono, hakai naye karibu. Na choo cha boma la wakwe haingii, hata iweje. Ukienda kwa wakwe unajipanga, unakunywa maji kidogo, shida zako unazimaliza kabla hujafika, kila mwanamke wa huku anajua hivyo tangu msichana. Mimi nilifundishwa na mama yangu, Bhoke nimemfundisha mwenyewe, halafu asubuhi ya siku hiyo hiyo ndiyo nakunywa chai ya kusafisha tumbo.

Tukapokelewa vizuri nyumbani kwa Mama Marwa, tukakalishwa, wazee wamepangwa ukutani, na nikawasalimia wote bila kumruka hata mmoja, Ester ananitazama kama mkulima anayetazama ng'ombe wake mnadani. Bhoke akaletwa na mtoto. Mchana ule wa jua kali mwanangu alikuwa amevaa sweta zito, midomo imekauka, mkono wa kushoto kauweka mbali na mwili. Niliona. Msinitetee, niliona kabisa, ila wazee walikuwa wananitazama nami nilikuwa na furaha ya majina, nikampakata mjukuu, nikamkabidhi Bhoke chupa mbele ya watu kama mtu anayetoa zawadi siku ya mahafali. Akaipokea. Akasema asante mama.

Hapo Ester akasimama. Hakuna aliyempa nafasi, alijipa. Akaanza kuwaeleza wakwe zangu habari za lesithini, wazee wa watu wenye magoti yao wanasikiliza, na alipofika kwenye nguvu na kumbukumbu akaninyooshea mkono akasema wasimwamini yeye, wamtazame Mwalimu Robi, Mwalimu Robi asimame atoe ushuhuda.

Tumbo lilikuwa limeshaanza. Lilianza kwa mlio mrefu ambao mzee mmoja alidhani ni gari linakuja, akageuka kutazama mlangoni. Nikampa Bhoke mtoto, nikasimama, nikasema nashukuru, nikakaa. Nikasimama tena. Nikajikaza kisabuni, nikaanza kueleza jinsi nilivyokuwa nasahau, na nikasahau nilichokuwa naeleza, jasho linanitoka hadi kwenye kope. Mama Marwa, mwanamke mwenye heshima zake, akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina shida. Nikamjibu nataka kwenda kuliona shamba.

Akaelewa, maana ni mama. Akageuka mlangoni alipokuwa amesimama mwanawe, akasema, "Mura, mwanangu, washa pikipiki umpeleke mama zahanati."

Mama wa watu alisema kwa huruma, hakufikiria, na alipofikiria alikuwa ameshasema. Marwa kashika ufunguo anatazama chini. Wazee wote wanatazama chini. Nami nimesimama katikati napiga hesabu ya haraka: pale hatua ishirini kuna choo kizuri cha bati jipya, nisichoruhusiwa kuingia, na hapa kuna pikipiki ambayo nikiipanda nitakuwa nimemkumbatia mkwe wangu kiuno kwenye barabara ya mawe, na tumbo hili. Nikachagua miguu.

Kwanza nilitembea kwa heshima. Nilipopita zizi nikaongeza mwendo. Nilipofika njia kuu nilikuwa nakimbia, kitenge mkononi, na ubaya wa kukimbia huku kwetu ni kwamba kila mtu anakusalimia. Wanawake waliokuwa wanapura mtama wakaniuliza habari za Tarime, nikajibu nzuri nikiwa hewani. Mzee mmoja katokea na fimbo yake, nami nimelelewa, siwezi kumpita mzee hivi hivi, nikamwamkia shikamoo bila kusimama, marahaba yake ikanikuta mbali. Zahanati iko mbele ya shule ya msingi. Nilifika, lakini sikufika na vyote nilivyoondoka navyo, na hapo ndipo habari yenu ya sokoni inapoishia.

Yangu inaendelea. Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo, mtu wa Njombe, ana mwaka mmoja tu huku. Akaniamkia, akanipa ndoo ya maji na khanga yake mwenyewe, na nilipotoka akanikalisha, akanipa maji ya chumvichumvi, akauliza kwa nini sikutumia choo cha nyumbani (sikumweleza, ningeanzia wapi) na nimekula nini. Nikamtajia chai. Nikamtajia lesithini sita. Akauliza kwa nini sita, nikamwambia ili nisisahau majina ya wakwe. Aling'ata mdomo, hakucheka, nami kwa kutaka kujisafisha kidogo nikaongeza kwamba siyo kitu kibaya, hata binti yangu nimempelekea chupa nzima, ana ziwa limeziba.

Akaacha kuandika. "Limeziba vipi, mama?"

Nikamweleza. Akauliza tangu lini, nikasema Jumatatu. Akauliza kama ana homa, nikasema tangu Jumatano. Akanitazama, kisha akachukua mkoba wake, akamwachia mwenzake chumba, akasema twende.

Tulirudi kwa miguu, mimi na khanga ya nesi kiunoni, na tulipoingia Ester bado anaongea. Aliponiona akawaambia watu kwa furaha kabisa, "Mnaona? Huo ni mwili unatoa sumu." Naapa, kama siyo wale wazee, siku hiyo ningemshika mwalimu mwenzangu shingo.

Nesi hakukaa. Akamshika Bhoke mkono wakaingia nyumbani kwake, nyumba ya Marwa, ambayo mimi siruhusiwi kuikanyaga, kwa hiyo nikabaki uani nimesimama na kuku niliowaleta wananizunguka miguuni. Nikamsikia mwanangu analia. Siyo kilio cha kuumwa kidogo. Nesi alipotoka na Bhoke, wazee nao wameshatufuata uani, alisema usaha umeshajikusanya, aende hospitali ya wilaya sasa hivi, akapasuliwe. Sikunyamaza, nikamuuliza kama lesithini isingesaidia hata kidogo. Akasema wapo wanaoitumia maziwa yakiziba, yeye hagombani nao, lakini ziwa jekundu lenye homa ni ugonjwa, na angekuja siku mbili tatu za mwanzo angempa dawa ambazo mtoto angeendelea kunyonya bila wasiwasi, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mama Marwa akamgeukia Bhoke, siyo kwa ukali, akamuuliza mbona alikaa na maumivu wiki nzima bila kusema.

Bhoke akasema, "Nilimwambia mama. Alisema nisubiri vidonge."

Hakuninyooshea kidole. Hakunitazama hata. Alijibu tu kama mtu aliyeulizwa saa. Na wale wazee walioinamisha vichwa wakati tumbo linanguruma, safari hii waliinua, wakanitazama wote. Nawaambia ukweli, ningepewa nichague, ningekimbia ile barabara kila siku, mchana, kitenge mkononi, nchi nzima inapura mtama pembeni, kuliko kusimama pale nikisikia yale maneno mara moja tena.

Jirani akatoa gari, wakampeleka hospitali ya wilaya, Mugumu. Alipasuliwa, alilazwa, alipona, kovu linaonekana mpaka leo. Mtoto hajambo, mnene. Ester aliandika kwenye grupu letu la walimu kwamba tatizo ni Mwalimu Robi alizidisha dozi. Alizidisha! Nikajibu pale pale, nikaandika yote, sita zake, chai yake, na ziwa la mwanangu, watu wakaweka vikatuni vya kucheka kwenye sehemu ya chai na wakanyamaza kwenye sehemu ya ziwa. Tangu siku hiyo nimehamisha meza. Namchukia Ester, nalisema bila kumung'unya maneno. Lakini Ester hakumpigia Bhoke simu. Aliyesema usiende zahanati ni mimi, na hilo siwezi kulihamisha kama meza.

Vidonge vyangu nilivitupa shimoni. Nikisahau, nasahau, naandika kwenye kiganja. Mzazi akija na kikohozi cha mtoto namwonyesha barabara ya zahanati, sina neno lingine, na nimejiapiza sitakuwa nalo.

Khanga ya nesi niliifua, nikaipiga pasi, nikampa Bhoke amrudishie. Wamekuwa marafiki. Mwezi uliopita mjukuu alipata homa, nami nikapata habari jioni, ameshapimwa, ameshapewa dawa, amelala. Nikamuuliza Bhoke mbona hakuniambia asubuhi. Akasema, "Nilimpigia nesi kwanza, mama." Nikamwambia amefanya vizuri, nikakata simu, na chakula cha siku hiyo sikukila.