Chuma Nilichompa Mke Wangu Avunjie Mifupa

Wasomaji, nimekosa na sina wa kumsingizia. Mtanicheka baadaye, kwanza mnisikilize.

Nina hoteli ndogo ya nyama na supu hapa Kitengela. Siku moja nilienda kununua mbuzi pande za Kajiado, na katika korongo kavu nikaokota chuma kizito, kinene katikati, chenye mkia wa vibati vilivyopinda. Nikajiambia, ala! Hiki kitavunja mifupa ya supu kuliko shoka.

Na kweli kilivunja! Mke wangu alikipenda. Kila asubuhi alitwanga mifupa, mtoto mgongoni, nami nikijisifu kwa wateja kwamba jikoni kwangu kuna mtambo.

Kisha mama mkwe akatuletea maziwa. Sisi Wamaasai, mume wa binti na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Tangu nioe, hakuwahi kunisemesha. Alipoona kile chuma alimgeukia binti yake, ilhali mimi nimesimama hapo hapo.

"Mwambie bwana yako hiyo ni bomu. Chifu alituonyesha picha kwa baraza. Haiguswi. Watu watoke, polisi waitwe wakuje."

Ningetoka tu! Lakini nilitaka mama mkwe aone kwamba binti yake ameolewa na mwanaume. Nikakitia guniani, nikaita bodaboda.

"Wewe ero, weka chini!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mama mkwe maishani, tena kwa kuniita kama kijana wa kuchunga ndama. Nikajifanya kiziwi.

Nilipanda na gunia mapajani, tukaruka matuta yote hadi kituo cha polisi. Mwenye boda nilimwambia ni spea ya lori. Mungu anisamehe!

Nikakiweka juu ya kaunta. "Afande, naomba mniangalilie hii ni kitu gani."

Afande alitazama mara moja tu. Sikujua mtu mwenye kitambi vile anaweza kuruka kaunta! Kituo kizima kikamwagika nje. Waliokuwa seli wakapiga kelele, "Afande, na sisi?" Ikabidi askari mmoja arudi mbio kuwafungulia.

Wataalamu wa mabomu walikuja wakakichukua kwa utaratibu wao. Mmoja akaniambia bado kilikuwa kizima, kingeweza kulipuka wakati wowote, na kwamba kosa langu lilianzia korongoni. Ningekiacha palepale na kupiga simu.

"Ulikuwa unaweka wapi?"

"Jikoni. Bibi yangu anavunjia mifupa."

Akavua kofia. Hapo ndipo nilipomwona mtoto wangu akilini, kichwa kikitikisika kila mama yake akipiga. Nililia, jamani, mbele ya mahabusu!

Hoteli ilifungwa ili ipekuliwe. Yule wa boda hanibebi tena hata nimbembeleze. Na supu yangu, wateja wameibatiza bomu.

Ndugu yangu, ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikibebe, usijitie ushujaa. Rudi nyuma, zuia watu na mifugo, ita polisi waje wenyewe.

Siku hizi mama mkwe hunisemesha. Akija, huingia jikoni kabla ya salamu. Juzi alinikuta navunja mifupa mimi mwenyewe kwa jiwe, mtoto akiwa nje na mama yake. Akalichukua lile jiwe, akaligeuza huku na huku.

"Ero," akasema, "hii ni jiwe. Endelea."